Kliniki za meno Meru na Embu zina nafasi ya kuwaokoa watumiaji wa tumbaku

Watafiti watatu wa Kenya, F. G. Macigo, D. L. Mwaniki na S. W. Guthua, waliwahi kuongoza uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika kata ndogo ya Githongo, Meru, ambapo wakazi waliombwa wafungue vinywa vikaguliwe. Kilichokuwa kikitafutwa ni lukoplakia, yaani madoa meupe yanayojitokeza ndani ya shavu, kwenye ulimi au ufizi, yasiyotoka hata yakisuguliwa, na ambayo baadhi yake hugeuka kuwa saratani. Watu 85 walipatikana na madoa hayo. Walilinganishwa na wengine 141 wasiokuwa nayo, na kila mmoja akaulizwa anavuta nini, anakunywa nini na anatafuna nini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la kimataifa la sayansi ya kinywa. Waliovuta kiraiku, ile tumbaku ya kienyeji inayosokotwa kwa mkono, walikuwa na hatari ya kupata madoa hayo mara 10 kuliko wasioivuta. Kwa wavutaji wa sigara za dukani, hatari ilikuwa zaidi ya mara 8. Pombe nayo ilionekana kuchangia. Miraa, ambayo wengi wangeinyoshea kidole kwanza katika nchi ya Wameru, haikuonyesha uhusiano wa maana na madoa hayo. Mwaka uliofuata watafiti haohao walichapisha kazi ya pili, wakaangalia kiasi mtu anachotumia na linalotokea anapoacha.

Imepita miaka ipatayo 30 tangu hapo. Ushahidi ulitoka vinywani mwa watu wa Meru wenyewe, nao wana haki ya kunufaika nao. Manufaa hayo yanaweza kuanzia mahali ambapo mtumiaji wa tumbaku hujipeleka kwa hiari yake na kufungua mdomo mbele ya mtaalamu: kliniki ya meno. Kinachohitajika ni kwamba kila mfanyakazi wa kliniki hiyo, kuanzia karani wa mapokezi hadi daktari, afunzwe namna ya kumuuliza mgonjwa kuhusu tumbaku, kumshauri na kumsaidia kuiacha.

Mvutaji wa miaka 35 asiye na kikohozi hana sababu ya kwenda kumwona daktari wa kifua. Jino likimuuma usiku kucha, atafika hospitalini alfajiri. Akishaketi kwenye kile kiti, tumbaku haina pa kujificha. Rangi ya meno, harufu ya pumzi, ufizi uliorudi nyuma na doa jeupe mahali ugoro unapowekwa, vyote viko wazi mbele ya anayemtibu. Kumng'oa jino na kumruhusu aende bila kumwambia neno kuhusu tumbaku ni kumtibu nusu.

Tumbaku yenye sura nyingi

Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 11.6 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 na zaidi, yaani watu wapatao milioni 2.5, walikuwa wakitumia tumbaku ya aina fulani. Wanaume walikuwa asilimia 19.1 na wanawake asilimia 4.5.

Ndani ya takwimu hizo kuna jambo ambalo kila mfanyakazi wa kliniki ya meno anapaswa kulijua. Wanawake wanaovuta walikuwa asilimia 0.8 tu. Wanawake wanaotumia tumbaku isiyovutwa, kama vile ugoro na tumbaku ya kutafuna, walikuwa asilimia 3.8. Kwa hiyo, mhudumu anayemuuliza mama mzee "unavuta sigara?" atajibiwa "la", na jibu hilo litakuwa la kweli, huku kikopo cha ugoro kikiwa ndani ya mkoba wake. Swali likiulizwa vibaya, wanawake wengi wanaotumia tumbaku huponyoka.

Katika Meru na Embu tumbaku ina sura zake. Ipo kiraiku, inayovutwa zaidi na wazee wa mashambani. Upo ugoro, ambao wenyeji wengi huuita mbaki, unaonuswa au kuwekwa chini ya mdomo. Kwa vizazi vingi wazee wamekaribishana ugoro kama ishara ya heshima na urafiki, kwa hiyo kumwambia mzee auache ni jambo linalohitaji adabu. Zipo sigara zinazouzwa moja moja vibandani, ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti yenye angalau sigara 10. Vipo pia vifuko vya nikotini, vidogo na vyenye ladha tamu, ambavyo vijana huvibana kati ya mdomo na ufizi wakiamini havina madhara kwa sababu havitoi moshi.

Pia kuna miraa na muguka, majani yanayotafunwa. Kuanzia Maua, Laare na Kangeta kwenye vilima vya Nyambene hadi Siakago, Kiritiri na Ishiara kule Mbeere, majani hayo ndiyo karo ya shule, bati la nyumba na chakula cha mezani. Mwezi Mei mwaka 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka, mzozo ulifika Ikulu na mahakamani. Katika mazingira hayo, mhudumu wa meno atakayeanza mazungumzo kwa kuishutumu miraa atamfunga mgonjwa mdomo papo hapo. Utafiti wa Githongo unampa njia bora ya kuingilia. Anaweza kumwambia mgonjwa kwa ukweli kwamba mazungumzo ya leo yanahusu tumbaku, si miraa.

Hata hivyo, vitu hivyo viwili hutembea pamoja. Wengi huvuta zaidi wanapotafuna, na mtu aliyekaa wiki mbili bila sigara anaweza kurudi kwenye uvutaji jioni moja tu barazani, mashada ya miraa yanapofunguliwa na marafiki wakawasha. Mhudumu aliyefunzwa hulijua hilo na kulipangia mapema.

Madhara yanayoonekana kwa macho

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 98 ya watu wazima Kenya walikuwa na ufizi unaotoka damu. Damu hiyo ni ishara ya kwanza ya ugonjwa wa ufizi, na watu wengi huanza kujali afya ya vinywa vyao wanapoiona kwenye mswaki. Tumbaku humnyima mvutaji ishara hiyo. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ufizi ukaonekana umetulia huku mfupa unaoshikilia meno ukiendelea kuliwa chini kwa chini. Mvutaji hushtuka meno yanapoanza kulegea, wakati ambapo mengi hayaokoleki tena.

Baada ya kung'oa jino, donge la damu hufunika shimo lililobaki na kulilinda mpaka lipone. Moshi, pamoja na ule mvuto wa kufyonza sigara, huweza kuling'oa donge hilo na kuuacha mfupa wazi. Maumivu yanayofuata mara nyingi huzidi yale yaliyomleta mgonjwa hospitalini. Vidonda vya wavutaji huchelewa kupona, na matibabu ya ufizi hayawafai sana kama yanavyowafaa wengine. Anayeweka ugoro mahali pamoja kila siku hutengeneza kidonda chake mahali hapohapo.

Tishio kubwa kuliko yote ni saratani ya kinywa. Tumbaku na pombe zikitumiwa pamoja huongeza hatari kuliko kila moja peke yake, na wengi wa wavutaji wetu ni wanywaji pia. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema, tiba huwa ndogo na matumaini makubwa. Ikichelewa, mgonjwa hupoteza sehemu ya ulimi au taya, na familia huuza shamba ikimpeleka Nairobi.

Habari njema ni kwamba kinywa hushukuru haraka. Miaka 5 hadi 10 baada ya kuacha kuvuta, hatari ya saratani ya kinywa na koo hushuka hadi nusu. Madoa meupe mengi hupungua au kutoweka mtu anapoacha. Katika utafiti mkubwa uliofanywa India kwa watumiaji 36,000 wa tumbaku, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1986, watu walikaguliwa vinywa na kupewa elimu ya kuacha. Wengi zaidi miongoni mwao waliacha au kupunguza tumbaku, na lukoplakia mpya zikapungua kuliko katika kundi ambalo halikupewa elimu hiyo. Yale yaliyowezekana katika vijiji vya India yanawezekana Tigania na Mbeere.

Dakika tatu zinazoleta tofauti

Wahudumu wengi wa meno husema hawana muda. Foleni ni ndefu, mashine ni chache, na mgonjwa anayefuata ameshika shavu akilia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Julai 2024 kuhusu tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima unalijibu hilo: ushauri mfupi wa sekunde 30 hadi dakika 3, ukitolewa na kila mhudumu wa afya kwa kila mtumiaji wa tumbaku, ni huduma inayostahili kuwa ya kawaida. Dakika tatu ni muda ambao daktari husubiri sindano ya ganzi ishike. Ni muda uliopo tayari.

Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021, ambao ulikusanya majaribio 20 yenye washiriki 14,897 katika huduma za meno, ulionyesha kwamba wagonjwa waliopata ushauri wa zaidi ya kikao kimoja kutoka kwa wahudumu wa meno walifanikiwa kuacha karibu mara mbili ya wale wasioupata. Pale ushauri ulipoambatanishwa na dawa ya nikotini au sigara ya kielektroniki, mafanikio yalizidi mara mbili na nusu. Kwa hiyo neno moja siku ya kung'oa jino ni mwanzo mwema, na ufuatiliaji ndio unaoleta matunda. Daktari mmoja hawezi kubeba ufuatiliaji huo peke yake. Ndiyo maana mafunzo yanapaswa kuwa ya timu nzima.

Kila mmoja na sehemu yake

Kazi huanzia dirishani. Karani anapoandika jina, umri na kijiji cha mgonjwa, aongeze swali moja: unatumia tumbaku ya aina yoyote? Jibu liandikwe kwenye faili ili kila atakayeishika alione. Mgonjwa akiona swali hilo linaulizwa kwa wote kama linavyoulizwa la kisukari au presha, hahisi kwamba amechaguliwa kwa kuhukumiwa.

Msaidizi wa daktari au muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa akisubiri ganzi. Huyo ndiye mwenye nafasi ya kuuliza anatumia kiasi gani, tangu lini, na sigara ya kwanza huiwasha saa ngapi baada ya kuamka. Anayewasha katika nusu saa ya kwanza huwa ameshikwa zaidi na nikotini, na huenda akahitaji dawa.

Daktari, au ofisa wa afya ya kinywa ya jamii ambaye katika vituo vingi ndiye mtaalamu pekee wa meno aliyepo, anampa mgonjwa kioo na kumwonyesha. Fundi wa meno bandia naye ana nafasi yake: mtu aliyekuja kutaka meno mapya tayari anatamani kinywa kizuri, na hakuna wakati bora wa kumwambia kinachomaliza meno yaliyobaki.

Utaratibu unaofundishwa duniani una hatua tano: uliza, shauri, pima utayari, saidia, panga ufuatiliaji. Katika kliniki ya Nkubu, kwa mfano, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mzee, kuna jambo tunalowauliza wagonjwa wetu wote. Unatumia tumbaku ya aina yoyote: sigara, kiraiku au ugoro?"

"Kiraiku, daktari. Tangu ujanani."

"Asante kwa kuniambia. Hebu tazama kwenye kioo. Unaona hapa ufizi umerudi nyuma, na hapa pembeni pana weupe? Kiraiku kinachangia. Kuacha ndilo jambo kubwa kuliko yote unaloweza kukifanyia kinywa chako, na sisi tutakusaidia. Umewahi kufikiria kuacha?"

"Nimejaribu. Siku ya tatu nikarudi."

"Siku ya tatu huwa ngumu kwa wengi, kwa hiyo hukushindwa kwa udhaifu wako. Leo nakung'oa jino, na kwa siku tatu hutakiwi kuvuta hata kidogo ili kidonda kipone. Tuzifanye siku hizo tatu ziwe mwanzo. Muuguzi atakupigia simu kesho kutwa kukujulia hali, na wiki ijayo urudi nione kidonda. Na hilo doa jeupe nitaliangalia tena baada ya wiki mbili."

Mazungumzo hayo hayafiki hata dakika tatu, na ndani yake yamo yote. Swali limetaja tumbaku kwa majina ambayo mgonjwa anayajua. Ushauri umefungwa kwenye kitu anachokiona kwa macho yake. Hakuna lawama wala kitisho. Siku za kwanza, ambazo ndizo kali kuliko zote, zimeunganishwa na agizo la kidonda ambalo angelipewa hata hivyo. Ufuatiliaji una tarehe na mtu wa kuufanya. Na doa halikuachwa: lukoplakia isiyopungua ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kuondoa kinachoisababisha inapaswa kuchunguzwa kwa kukatwa kipande na kupelekwa maabara.

Kwa cucu, yaani bibi mzee, wa Runyenjes, maneno yatabadilika. "Cucu, unatumia mbaki?" Akijibu kwamba anatumia kidogo tu kutuliza kichwa, mhudumu asimcheke. Amuulize kichwa kinamuuma mara ngapi, ampime presha au ampeleke apimwe, halafu amweleze kwamba nikotini huinua presha badala ya kuitibu. Mgonjwa aliyesikilizwa kuhusu kichwa chake atasikiliza kuhusu ugoro wake.

Mafunzo yenyewe yawe ya vitendo

Mafunzo ya namna hii hayahitaji hoteli wala miezi. Yanahitaji siku chache, kikundi kidogo na mazoezi ya kuigizana, mmoja akiwa mgonjwa na mwingine mhudumu, kwa Kimeru, Kiembu na Kiswahili, mpaka maneno yatoke kinywani bila kusitasita. Mhudumu aliyesoma hatua tano ukutani bila kuzitamka huona haya akikutana na mzee wa rika la baba yake.

Wafunzwe pia dawa. Chingamu na mabandiko ya nikotini yaliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, na mwaka 2021 zikaongezwa bupropioni na vareniklini. Hizi ni dawa za kumshika mtu mkono katika wiki za kwanza, mwili ukizoea kukosa nikotini. Katika hospitali zetu nyingi za kaunti si rahisi kuzipata, na bei yake katika maduka ya dawa huwazidi wengi. Mhudumu asimfiche mgonjwa kwamba zipo, na asimwache akiamini kwamba bila hizo hawezi. Watu wengi walioacha tumbaku duniani waliacha bila dawa, wakisaidiwa na nia, mpango na watu wa karibu.

Mpango huo una mambo machache yanayofundishika. Mgonjwa achague siku ya kuacha, awaambie mke, mume au watoto. Atupe kikopo, kiberiti na karatasi za kusokotea. Hamu ikija, ajue kwamba hupita baada ya dakika chache, kwa hiyo anywe maji, atembee, au ashike kazi ya mikono. Kwa mtafunaji wa miraa, mpango uandikwe wazi: majuma ya kwanza asikae na wavutaji wakati wa kutafuna, awe na njugu na maji mkononi, na amwambie rafiki mmoja amkatalie akiomba sigara. Mnywaji apumzike pombe kwa wiki hizo, kwa sababu glasi ya pili ndiyo huwarudisha wengi. Afanye pia hesabu: anayevuta sigara 10 kwa siku huvuta 3,650 kwa mwaka. Azidishe kwa bei anayonunulia kibandani, kisha alinganishe na karo ya mtoto.

Kuna pia simu ya bila malipo ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nambari 1192, ambapo mtu anaweza kupata ushauri kuhusu uraibu. Nambari hiyo ibandikwe kwenye kila chumba cha kusubiria na iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa.

Mazoea yana taabu, walisema wahenga. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu. Mgonjwa akirudi akiwa amevuta, mhudumu amuulize tu ni nini kilimrudisha, kisha wapange upya. Asiyetaka kuacha leo naye asifukuzwe kwa maneno makali. Aambiwe kwamba mlango uko wazi, na aulizwe tena atakapokuja.

Mhudumu naye ni binadamu. Wako wanaovuta, na wako wanaotumia ugoro. Hao wasaidiwe kwanza, kwa heshima na faragha, kwa sababu ni vigumu kumshauri mtu aache sigara ukiwa na harufu yake mikononi.

Kenya ina sababu ya kujivunia

Taaluma ya meno ya Kenya si ngeni katika vita hivi. Ahmed Ogwell Ouma, aliyesomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa miongoni mwa Wakenya waliojitosa mapema katika kazi ya kudhibiti tumbaku kimataifa, kabla ya kufika kwenye uongozi wa Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa. Kenya iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004. Kifungu cha 14 cha mkataba huo kinazitaka nchi zilizouridhia ziwasaidie watu wao kuacha. Sheria ya mwaka 2007 ilifuata, ikaanza kutumika mwaka 2008. Kanuni za mwaka 2014 za kuitekeleza sheria hiyo zilipingwa na kampuni ya British American Tobacco kutoka mahakama moja hadi nyingine, hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake mwaka 2019. Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani lilitoa chapisho mahususi kuhusu kuunganisha huduma za kuacha tumbaku na za afya ya kinywa.

Kwa upande wa sheria tumesonga mbele. Upande wa kumshika mkono mtu mmoja mmoja ndio uliobaki nyuma. Onyo lenye picha kwenye pakiti humwogopesha mvutaji, lakini halimwambii aanzie wapi. Kiraiku na ugoro wa kupima kwa kijiko sokoni havina hata pakiti ya kubandikiwa onyo. Kwa watumiaji hao, sauti ya mhudumu wa afya huenda ikawa onyo pekee watakalowahi kulisikia.

Yapo pia maslahi ya wakulima. Tumbaku imelimwa kwa miaka mingi katika maeneo ya joto ya Mbeere, Tharaka na sehemu za Meru, na wapo wanaoitegemea. Kumsaidia mgonjwa kuacha hakumwondolei mkulima shamba lake. Serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa walianza Migori mwaka 2022 kuwasaidia wakulima wa tumbaku kuhamia maharagwe yenye madini ya chuma, na njia ya aina hiyo ndiyo ya kuwatafutia wakulima wa huku pia.

Yanayopaswa kufanywa sasa

Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ombi hili linakwenda Meru mjini na Embu mjini kabla ya kwenda Nairobi.

Idara za afya za kaunti hizi mbili zipange mafunzo ya pamoja kwa timu zote za meno, za umma, za misheni na za binafsi. Kumbi zipo: Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, kina matawi Meru na Embu. Swali la tumbaku liingizwe kwenye kila faili la mgonjwa wa meno. Bajeti ya dawa itenge fungu, hata dogo, la chingamu na mabandiko ya nikotini kwa walioshikwa zaidi. Kila mwezi kituo kihesabu wagonjwa waliofika, walioulizwa, waliokubali kujaribu na waliofuatiliwa, maana kisichohesabiwa husahaulika. Vyuo vinavyofundisha madaktari na maofisa wa afya ya kinywa viifanye kazi hii iwe sehemu ya mtihani wa vitendo, kama ilivyo kung'oa na kuziba. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, na viongozi wa makanisa waombwe waunge mkono, kwa sababu neno la mzee kuhusu ugoro lina uzito ambao bango haliwezi kuwa nao.

Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka. Baadhi yao ni baba na mama zetu wa vilima vya Nyambene na nyanda za Mbeere, waliopita kwenye kiti cha daktari wa meno wakiwa bado na muda wa kuokolewa.

Nawe msomaji, usingoje mpaka mafunzo yafike. Ukienda kutibiwa jino Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago na usiulizwe, sema mwenyewe: "Daktari, natumia tumbaku, naomba unikague kinywa chote na unisaidie kuacha." Ukiona doa jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, nenda hospitalini juma hilohilo. Na ikiwa nyumbani yupo mzee mwenye kiraiku au cucu mwenye kikopo, mpeleke akaguliwe, hata kama jino halimuumi.